Kubandika Karatasi ya Ukutani Katika Bafu Dogo: Kazi Iko Kwenye Kona

Majuzi nilimsaidia dada yangu kubandika karatasi ya ukutani katika bafu lake, ambalo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili, nikakumbuka nilivyotaabika katika bafu langu mwenyewe. Sebuleni unabandika kipande baada ya kipande kwenye ukuta mtupu. Bafuni karibu kila kipande hukutana na kona, bomba, tangi la choo au fremu ya mlango.

Hatua ya 1: Karatasi

Chagua karatasi yenye uso wa vinaili (aina ya plastiki), inayofutika kwa kitambaa kibichi, na iwe ya aina ambayo gundi hupakwa ukutani. Ninalisisitiza hili kwa sababu bafu dogo halina nafasi ya meza ya kupakia gundi, na karatasi ya aina hiyo haitanuki inapolowa, kwa hiyo huhitaji kuisubiri ilainike kabla ya kuibandika. Hakikisha roli zote zina namba ileile ya toleo, la sivyo rangi zinaweza kutofautiana. Pale maji ya kuoga yanaporuka moja kwa moja, weka vigae.

Hatua ya 2: Ukuta

Zima umeme kwenye swichi kuu, ziba nyufa, kwaruza rangi inayong'aa kwa msasa, kisha paka praima (rangi ya msingi). Ukiona kuvu, tafuta kwanza unyevu unakotoka, kwa kuwa vinaili huufungia ndani na kuvu huendelea kukua mahali usipopaona.

Hatua ya 3: Kipande cha kwanza

Piga mstari wima kwa timazi (uzi wenye uzito mwishoni), ubandike kwa kuufuata. Usiufuate mlango wala kona.

Hatua ya 4: Kona

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima. Nilikizungusha kipande kizima kwenye kona ya ndani, nikiamini kwamba kuta mbili zinazokutana hukutana wima. Kipande kilikunjamana konani kuanzia kiunoni kwenda juu, na michoro ya majani kwenye ukuta wa pili ikainama kiasi cha vidole viwili ilipofika dari. Nilibandua kila kitu, nikaanza upya.

Njia sahihi ni kukigawa kipande. Pima umbali kutoka ukingo wa kipande kilichotangulia hadi konani, katika sehemu tatu: juu, katikati na chini. Chukua kipimo kikubwa zaidi, ongeza sentimita 1, ukate kipande kwa urefu kulingana na upana huo. Kibandike, ile ziada igeukie ukuta wa pili, na ukate mpasuo mdogo juu na chini ili karatasi ikunjike bila kuvutana.

Sasa chukua sehemu iliyobaki, pima upana wake, upunguze milimita 5, utie alama ukutani kwa umbali huo kutoka konani, kisha uteremshe timazi. Kona ikiwa imepinda, sogeza mstari kuelekea konani mpaka pasiwe na mahali ambapo umbali wa kutoka kona hadi mstari unazidi upana wa kipande. Ukingo wa mbali ufuate mstari. Ukingo wa karibu uilalie ile sentimita iliyogeuka, na kinachozidi kikatwe konani. Mchoro utapotea kidogo hapo, lakini jicho husamehe upungufu wa konani kuliko mchoro ulioinama ukuta mzima.

Kuna tahadhari mbili. Gundi ya kawaida haishiki vinaili juu ya vinaili, hivyo palipolaliana tumia gundi maalumu ya maungio. Pia panga mzunguko wako ili mahali kipande cha mwisho kinapokutana na cha kwanza, ambapo mchoro hautalingana, paangukie juu ya mlango, kwenye kijisehemu kifupi kisichotazamwa.

Hatua ya 5: Mabomba na tangi

Kata mpasuo kutoka ukingo ulio karibu hadi kwenye bomba, kisha mipasuo midogo kama miale kulizunguka, ukandamize na ukate kinachozidi. Nyuma ya tangi la choo ambalo haliwezi kufunguliwa, shusha karatasi kiasi cha sentimita 15 tu na uikate hapo. Badilisha wembe kila baada ya vipande viwili au vitatu: wembe butu huburura karatasi iliyolowa na kuichana, na kwangu hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua kwa wingi, kabla hata ya brashi nzuri.

Hatua ya 6: Kuziba

Juu ya beseni na sinki acha nafasi ya milimita 2 hivi, uizibe kwa silikoni inayozuia kuvu baada ya karatasi kukauka. Mtu asioge maji ya moto humo kwa angalau saa 24. Acha mlango wazi, lakini usiielekezee karatasi feni wala hita, kwa sababu maungio yakikauka kwa haraka huinuka.