Ukiomba, mwambie "wewe"

Nimejishtukia juzi tu, nikiomba huwa nasema "Mungu atajalia, Mungu anaona", yaani namsema kama hayupo. Sasa nageuza sentensi palepale, "Baba, wewe unaona nilivyomjibu mama vibaya asubuhi", na nakitaja kitu chenyewe. Inasaidia kwa sababu ukishasema wewe huwezi tena kuhutubia, inabidi uongee na mtu. Hata Zaburi 23 inaanza na "Bwana ndiye mchungaji wangu", ikifika bondeni, mstari wa 4, inageuka "Wewe upo pamoja nami". Ila ukichomeka "Baba" kila baada ya maneno mawili inakuwa kama "eeh" tu (mimi hapo bado), na ukiongoza maombi ya wengi rudi kwenye "Baba yetu", mambo yako binafsi kama hayo ya mama yabaki chumbani.