Sonona ndani ya chumba cha kupanga: anza na daftari moja

Mjini, safari ya mwenye sonona mara nyingi huanzia maabara. Kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, usingizi unakatika saa 8 usiku, chakula hakipiti. Anapima malaria, anapima taifodi, anapewa dawa, na baada ya wiki mbili yuko palepale. Kupima si kosa. Upungufu wa damu, kisukari, au tezi ya shingo iliyolegea kazi vinaweza kumchosha mtu vilevile, kwa hiyo kuvipima vyote hivyo mara moja kuna maana. Kosa ni kurudia kipimo kilekile mara ya nne bila mtu kuuliza: bado kuna kitu kinachokupa raha?

Dalili kuu za sonona ni mbili: moyo kuwa mzito, na kukosa hamu na mambo uliyokuwa unayapenda. Walau moja kati ya hizo iwepo karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, ikiambatana na nyingine: usingizi kukatika au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwendo kuwa mzito au mtu kuhangaika bila kutulia, na mawazo ya kufa. Zikifika 5 kwa pamoja na zikaharibu kazi au maisha ya nyumbani, hilo si suala la uvivu wala imani haba.

Wahudumu wa afya hutumia dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, nalo lipo kwa Kiswahili. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili hafifu, 10 hadi 14 za wastani, 15 na kuendelea ni nzito. Maelezo haya yanamfaa zaidi aliye chini ya 15. Aliyefika hapo au kuzidi ayatumie huku akihudhuria kliniki. Na swali la 9, linalouliza kuhusu kujidhuru au kuona heri ufe, ukilijibu chochote zaidi ya 0, usiendelee kusoma kwa mpangilio. Nenda sehemu ya "Daftari linapokuwa halitoshi" sasa hivi.

Kwa nini mji huishikilia

Mtu akikosa hamu hupunguza mambo. Kwanza anaacha mpira wa Jumapili, halafu kikao cha kikoba, halafu kupika, mwishowe hata kupokea simu. Kila alichoacha kilikuwa kinampa raha kidogo au kumkutanisha na mtu, kwa hiyo moyo unazidi kuzama, na ukizama anapunguza tena. Kijijini pia kuna sonona, tusidanganyane. Lakini huko mlango ukishinda umefungwa siku mbili, mtu atabisha hodi. Kwenye nyumba yenye wapangaji kumi, jirani atadhani umesafiri.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo ni ngumu kuiamini mpaka uijaribu: usingoje hamu ndipo utende. Tendo hutangulia, hamu hufuata, tena kwa kuchelewa.

Wiki ya kwanza: andika, usibadilishe kitu

Daftari dogo la shule linatosha. Simu haifai. Utaifungua uandike, nusu saa baadaye utajikuta unatazama status za harusi ya mtu uliyesoma naye. Chora safu tatu: saa, nilichofanya, moyo. Moyo upe alama 0 hadi 10, 0 ukiwa mzito kabisa. Jaza mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Ukurasa wa siku moja unaweza kusomeka hivi:

Saa 1:30 asubuhi, nimesimama kwenye daladala: 3
Saa 7 mchana, chakula kwa mama ntilie na wenzangu: 5
Saa 1 usiku, kitandani na simu: 2
Saa 4 usiku, bado kitandani na simu: 1

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kuandika "sijafanya kitu". Kulala chali ukitazama dari ni kitu, kiandike. La pili ni kukusanya wiki nzima na kuijaza Jumapili kwa kumbukumbu. Sonona hukumbuka mabaya na kuyafuta mazuri, kwa hiyo ile 5 ya mchana haitaonekana kabisa.

Siku ya 7, kaa na daftari dakika 20. Zungushia duara alama tatu za juu na tatu za chini. Watu wengi hushangaa: alama za juu haziko kwenye "kupumzika", na za chini haziko kazini kama walivyodhani. Za chini ziko kati ya saa 1 na saa 5 usiku, taa imezimwa, simu inawaka.

Wiki ya pili: mambo mawili kwa siku, yasizidi

Orodhesha mambo ya aina tatu. Ya lazima: kufua, kulipa LUKU, kujibu ujumbe wa dada. Ya raha, au yaliyokuwa ya raha: kuoga taratibu, kusikiliza taarabu, kunywa kahawa kijiweni. Ya watu: kumsalimia jirani kwa jina, kwenda msikitini au kwaya, kucheza bao. Kila siku chukua mawili kutoka aina mbili tofauti. Lisizidi dakika 15 kila moja.

Kisha lipe saa na mahali. "Nitafanya mazoezi" halifanyiki. "Saa 12 jioni nikishuka Mwenge, nitatembea hadi nyumbani badala ya kupanda bodaboda" linafanyika, kwa sababu kushuka kituoni ndiko kunakokukumbusha. Kabla ya tendo andika alama ya moyo, ukimaliza andika tena. Ikipanda kutoka 2 hadi 3 umefanikiwa. Usitarajie 8.

Ukishindwa siku mbili mfululizo, jambo ulilopanga ni kubwa mno. Likate nusu, na likishindikana tena likate tena. Kufua nguo zote kunakuwa kufua shati moja, na shati moja linakuwa kuloweka tu. Kosa lililo baya zaidi linakuja siku ya nne au ya tano, mtu akiamka na nguvu kidogo: anafua zote, anapiga deki, anajibu ujumbe wa mwezi mzima, kesho yake hawezi kuinuka na anasema njia hii ni ya uongo. Siku nzuri fanya mawili yaleyale. Ongeza la tatu baada ya wiki kamili tu.

Kutembea kuna nafasi yake ya pekee. Lengo la baadaye ni dakika 30, mara tatu kwa wiki au zaidi, mwendo wa kukufanya uongee ila usiweze kuimba. Anayeanzia dakika 10 hajachelewa.

Kulala pale unapoishi

Vitabu vingi husema kitanda kiwe cha kulala tu. Ushauri mzuri, ila chumba kimoja kitanda ndicho sofa, meza ya chakula na ofisi. Suluhisho ni kukigawa chumba: mchana tandika mkeka au weka kiti cha plastiki upande wa pili, na ukae huko hata kama ni hatua mbili kutoka kitandani. Chandarua kikishushwa, ni kulala. Simu ichajiwe mbali na mkono. Kama ndiyo inayokuamsha, hapo hasa ndipo pafaapo, maana italazimu usimame kuizima.

Saa ya kuamka iwe moja siku zote 7, Jumapili ikiwemo. Saa ya kulala itajirekebisha yenyewe baada ya wiki mbili hivi. Usipopata usingizi kama dakika 20, toka kwenye chandarua, washa taa hafifu, fanya kitu cha kuchosha kama kukunja nguo au kuchambua dengu, urudi macho yakiwa mazito. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, mwisho saa 8 mchana.

Anayeondoka nyumbani giza na kurudi giza hupungukiwa na mwanga. Akae nje dakika 15 wakati wa chakula cha mchana, kivulini pia panatosha.

Kuwaza sana

Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, waliokaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Waliokuja kwao walisema wana kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Mswahili akilisikia atadhani ni kujifungia, na hatakuwa mbali na ukweli. Hatua ya kwanza ya mabibi hao huitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo baadaye lilifika Malawi na Zanzibar.

Kazi yao haina uchawi. Mgonjwa anataja shida zote, zinaorodheshwa, anachagua moja, anatafuta la kufanya, anarudi kueleza ilikuwaje. Unaweza kuifanya kwenye daftari lako. Tuchukue deni, maana ndilo linalowakesha wengi. Ukurasa mmoja andika kila deni: nani, kiasi, riba, tarehe. Mikopo ya mtandaoni na ya kausha damu iandike pia, hata ile unayoionea aibu. Kichwani madeni hayana idadi, kwenye karatasi yanakuwa manne. Chagua moja, lile lenye riba kali au mdai wa karibu. Andika njia tano za kulikabili, hata za kipuuzi, kisha chagua moja inayowezekana kabla ya Jumamosi. "Kumaliza deni" haiwezekani kabla ya Jumamosi. "Alhamisi saa 4 asubuhi nimwone mdai kabla ya tarehe, nimpe 20,000 na kumwomba tugawe iliyobaki" inawezekana. Usikope pengine kulipa hilo.

Mawazo yasiyo na la kufanya yape muda wake: dakika 15, saa 11 jioni, ukiwa umekaa, kalamu mkononi. Yakija saa 7 usiku, andika neno moja na uyaahirishe. Siku za mwanzo hayatatii.

Kumwambia mtu

Mjini mtu akipigiwa simu na asiyemtafuta siku nyingi huhisi anakuja kupigwa kizinga, hivyo hapokei. Anza kwa kuiondoa hofu hiyo: "Kaka, sihitaji hela. Wiki tatu sasa sipo sawa, silali, sina hamu na kitu. Naomba Jumamosi saa 10 tutembee kidogo." Maneno hayo yana muda, dalili na ombi dogo. "Maisha magumu sana" halimpi mtu la kufanya, atakujibu "pole, ndiyo dunia" na mazungumzo yameishia hapo. Asipojibu usihitimishe kwamba amekuchunia. Jaribu wa pili. Weka majina matatu tangu mwanzo.

Pombe hutuliza saa mbili tatu, kisha huukata usingizi na kesho yake moyo huwa mzito zaidi. Mirungi na kubeti vinafuata mkondo huohuo wa kupanda na kuporomoka. Ukishindwa kuacha vyote, andika alama ya moyo ya asubuhi inayofuata na uitazame.

Daftari linapokuwa halitoshi

Nenda hospitali ikiwa alama za PHQ-9 ni 15 au zaidi, ikiwa wiki 6 za daftari hazijasogeza kitu, ukisikia sauti wasizosikia wengine, au ikiwa umejifungua karibuni na unaogopa kumdhuru mtoto. Dar es Salaam unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa: Mwananyamala, Amana au Temeke, au Muhimbili. Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari, Kampala Butabika. Mapokezi sema "kliniki ya afya ya akili", la sivyo utarudishwa maabara.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, usilale peke yako usiku huo. Mwambie mtu kwa neno lenyewe, "nawaza kujiua", usizunguke. Mpe dawa zote na sumu yoyote iliyomo ndani akae nazo, na muende pamoja hospitali yoyote iliyo karibu yenye huduma ya dharura. Aliye Kenya anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Dawa za sonona, kama fluoxetine au amitriptyline, huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, wakati madhara madogo kama kichefuchefu au mdomo kukauka huja siku za kwanza. Hapo ndipo watu huacha. Nafuu ikija endelea kwa muda utakaopangiwa, mara nyingi miezi 6 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na uache kwa kupunguza chini ya daktari. Usijinunulie dukani wala usiazime za shangazi. Na kama umewahi kupitia siku kadhaa za kulala kidogo mno huku una nguvu, maneno na matumizi kupita kawaida, mwambie daktari kabla hajaandika, kwa sababu dawa hizi zikitumika peke yake zinaweza kuirudisha hali hiyo.

Sonona ina tabia ya kurudi. Ukipata nafuu, usitupe daftari. Ukurasa wa mwisho andika dalili zako tatu zinazotangulia, zako hasa: kuacha kuoga mapema, kutopokea simu za mama, kula mkate mkavu siku tatu. Chini yake yaandike yale mambo mawili yaliyokusaidia zaidi, na jina la mtu wa kutembea naye. Mpigie picha ukurasa huo mtu huyo, awe nao.