Kuishi na Maumivu ya Kichwa ya Klasta Ukiwa Mwanza: Jinsi ya Kuyatambua na Kupata Tiba Inayofaa

Mtu anayeamshwa saa saba usiku na maumivu makali nyuma ya jicho moja, akazunguka chumbani ameshika kichwa hadi saa nane, kisha maumivu yakakatika yenyewe, kwa kawaida hufika zahanati asubuhi akiwa mzima. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, presha iko sawa, naye hurudi nyumbani na parasetamoli. Hali hiyo ikijirudia karibu kila siku kwa wiki kadhaa, saa ileile na upande uleule, kuna sababu nzuri ya kushuku maumivu ya kichwa ya klasta, yaani yanayokuja kwa mafungu. Ugonjwa huu humpata takriban mtu mmoja kati ya elfu moja, wanaume zaidi ya wanawake, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40.

Shambulio moja huchukua dakika 15 hadi saa tatu, na linaweza kuja mara moja kila baada ya siku moja au hata mara nane kwa siku. Upande unaouma, jicho huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba au hutiririka, kope hulegea na uso hutoka jasho. Alama inayosaidia zaidi kuutofautisha na kipandauso ni mwenendo wa mgonjwa: mwenye kipandauso hutaka kulala gizani bila kuguswa, ilhali mwenye klasta hawezi kutulia, hutembea huku na huku, hujitikisa, na wengine hufikia kugonga kichwa ukutani. Mashambulio huja kwa misimu, mara nyingi ya wiki sita hadi kumi na mbili, kisha hutoweka kwa miezi au miaka. Wapo wachache ambao mapumziko yao hayafiki miezi mitatu katika mwaka mzima, na hao huhesabiwa kuwa na klasta sugu.

Tabia hiyo ya kukoma yenyewe ndiyo inayowapotosha wengi. Kidonge cha diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kilichomezwa wakati shambulio linaanza huanza kufanya kazi maumivu yakiwa tayari yanakaribia kwisha, nacho kikapewa sifa kisizostahili. Jino linalong'olewa katika wiki ya nane ya msimu huonekana ndilo lililokuwa na kosa, na vivyo hivyo dawa ya sinasi, miwani mipya au chale za mganga. Kwa hiyo pima kila tiba kwa maswali mawili tu: je, ilikata shambulio ndani ya dakika 15 hadi 20, au ilipunguza idadi ya mashambulio kwa wiki ukilinganisha na wiki zilizotangulia? Kisichofanya mojawapo ya hayo hakikusaidii, hata kikiwa cha bei ghali.

Ili kujibu maswali hayo unahitaji daftari. Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kwisha, upande, dalili za jicho na pua, ulichotumia, na kama ulikunywa pombe. Mwombe ndugu akurekodi kwa simu wakati wa shambulio, kwa maana daktari atakuona ukiwa umetulia, na video ya dakika moja inayoonyesha jicho jekundu na kope iliyoshuka itamweleza zaidi ya maneno yako. Usitegemee maelezo ya mtandaoni yanayosema kwamba misimu hufuata kubadilika kwa urefu wa mchana. Hayo yalichunguzwa zaidi katika nchi za mbali na ikweta, na hapa Mwanza tofauti kati ya siku ndefu na fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Kalenda yako mwenyewe ndiyo itakayokuonyesha msimu wako.

Ukiwa na daftari hilo, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou-Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ukieleza wazi kwamba unataka tathmini ya daktari wa magonjwa ya ndani au wa mishipa ya fahamu. Anayetoka Ukerewe au Sengerema apige simu kwanza kuuliza siku za kliniki. Kwa kawaida daktari atataka picha ya ubongo angalau mara moja, kwa sababu uvimbe karibu na tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, unaweza kuiga ugonjwa huu. Usisubiri kliniki yoyote bali nenda hospitali mara moja iwapo maumivu yamelipuka kwa ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, au yameambatana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja, degedege au kupungua kwa uwezo wa kuona. Vivyo hivyo kwa mtu anayeishi na VVU mwenye maumivu mapya ya kichwa, kwani homa ya uti wa mgongo lazima iondolewe shaka kwanza.

Tiba ya kukata shambulio inayopaswa kuombwa kwanza ni oksijeni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba oksijeni ya lita 12 kwa dakika iliondoa maumivu ndani ya dakika 15 katika asilimia 78 ya mashambulio, ikilinganishwa na asilimia 20 kwa hewa ya kawaida. Tatizo ni namna inavyotolewa. Mirija ya puani yenye lita mbili au nne kwa dakika haitoshi, na mgonjwa aliyepewa hiyo huondoka akiamini kwamba oksijeni haimfai. Kinachotakiwa ni oksijeni safi ya lita 12 hadi 15 kwa dakika, kupitia barakoa yenye mfuko na vali zinazozuia hewa uliyoitoa isirudi, mgonjwa akiwa ameketi na ameinama mbele kidogo, kwa dakika 15 hadi 20 tangu maumivu yanapoanza. Mashine nyingi za nyumbani za kuzalisha oksijeni huishia lita tano au kumi. Ukifikiria kukodi mtungi, piga hesabu: lita 15 kwa dakika 20 ni lita 300, hivyo mtungi wa lita 1,500 unatosha mashambulio matano. Uwe mtungi wa hospitali, wala si wa mafundi wa kuchomelea, na usikaribiane kamwe na jiko, kibatari au sigara.

Sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi nayo hufanya kazi ndani ya robo saa kwa wengi. Vidonge vyake huchelewa mno. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa, na haizidi sindano mbili kwa saa 24. Dawa za jamii ya morfini ziepukwe.

Kukata mashambulio peke yake hakutoshi msimu unapoendelea. Dawa kuu ya kinga ni verapamili, ambayo si ngeni kwa madaktari wa moyo na presha. Mara nyingi huanza kwa miligramu 80 mara tatu kwa siku na kuongezwa polepole, huku kipimo cha umeme wa moyo kikifanyika kabla ya kuanza na kila dozi inapopandishwa, kwa sababu inaweza kupunguza kasi ya moyo kupita kiasi. Kwa kuwa huchukua wiki moja au mbili kushika, daktari anaweza kuongeza prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi, inayotuliza uvimbe mwilini) kwa muda mfupi, au kuchoma sindano ya ganzi na steroidi kisogoni. Usijinunulie prednisoloni famasi. Inapandisha sukari na inaweza kuamsha kifua kikuu. Mweleze daktari dawa zako zote, zikiwamo ARV. Verapamili ikishindwa, lithiamu ni njia nyingine, lakini inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Ndani ya msimu, acha pombe kabisa. Bia moja inaweza kuleta shambulio ndani ya saa moja, ingawa nje ya msimu huenda isikudhuru. Lala na kuamka kwa saa zilezile. Ushauri huu ni mgumu kwa mlinzi wa usiku na kwa mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani siku zisizo na mbalamwezi, ila mvuvi huyo asitoke peke yake, na wenzake mtumbwini wajue mapema kitakachotokea. Nyumbani, wasimlazimishe mgonjwa alale wala wasimshike. Wamwachie nafasi ya kutembea. Maumivu haya yamewafikisha watu kwenye mawazo ya kujiua, kwa hiyo kauli ya namna hiyo ichukuliwe kwa uzito, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya wiki mbili bila shambulio, daktari ataanza kupunguza verapamili taratibu. Tunza daftari pamoja na karatasi za kipimo cha moyo, na andika dozi iliyokusaidia, ili msimu mwingine ukianza urudi kliniki katika wiki ya kwanza.