Kabla ya kununua matairi makubwa ya pikapu iliyoinuliwa
Ukiinua pikapu kwa springi ndefu, usidhani kwamba nafasi unayoiona juu ya tairi gari likiwa limesimama ndiyo nafasi uliyo nayo, kwa sababu gurudumu likipiga shimo springi hujikunja hadi kwenye raba za kizuizi, na raba hizo zisipobadilishwa, tairi litafika palepale lilipokuwa likifika zamani. Jaribio la maana ni kukata usukani hadi mwisho, kila upande, huku gurudumu moja la mbele likiwa limepandishwa juu ya kitu imara, kisha kuchungulia pembe ya nyuma ya madigadi na ubavu wa chesisi, ambako tairi pana huanza kukwaruza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: tairi la 265/70R17 (upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 17) lina kipenyo cha milimita 803 hivi, na la 285/70R17 milimita 831, yaani ekseli itapanda nusu ya tofauti hiyo, milimita 14 tu. Spidomita nayo itadanganya kidogo. Kama ilikuwa sahihi tangu awali, ikionyesha kilomita 100 kwa saa mwendo halisi utakuwa unakaribia 104.