Diski ya nje inapogoma kufunguka kwenye Linux

Taa ya diski inawaka, lakini hakuna kinachofunguka. Usiiformati. Jua kwanza imegomea wapi: kerneli (kiini cha Linux) haijaiona kabisa, au imeiona ila inakataa kuimaunti, yaani kuiunganisha na folda ili faili zake zisomeke?

Andika `sudo dmesg -w` (huonyesha ujumbe wa kerneli) kwenye terminali, chomoa diski, ichomeke tena. Usipopata hata mstari mmoja mpya, shuku waya au tundu. Ukiona `USB disconnect` ikijirudia, mara nyingi umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya kuzunguka hunywa umeme zaidi inapoanza. Achana na habu (kigawanyo cha matundu ya USB) isiyo na adapta yake ya umeme. Mistari ya `I/O error` ikizidi hata baada ya kubadili waya, diski yenyewe huenda inakufa. Hamisha data kwa `ddrescue` (programu ya kunakili diski inayokufa) kwanza. Kuiendeshea `fsck` (programu ya kukarabati mfumo wa faili) diski mahututi ni kuimalizia.

Kama kerneli imeiona, `lsblk -f` itakupa jina, tuseme sdb1, aina ya mfumo wa faili na UUID (namba ya utambulisho ya patisheni, yaani sehemu ya diski). Imaunti kwa mkono:

```
sudo mkdir -p /mnt/diski
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/diski
```

Hapa ndipo diski zilizotoka Windows husumbua. Ujumbe wa `wrong fs type, bad option, bad superblock` ni kapu la kila kosa, haukuambii kitu. Sababu yenyewe iko kwenye `sudo dmesg | tail`. Ukikuta `volume is dirty`, NTFS (mfumo wa faili wa Windows) haikufungwa vizuri: diski ilinyofolewa ghafla, au Windows ilizimwa nusunusu kwa ajili ya Fast Startup (mpangilio wake wa kuwaka haraka). Dawa ya uhakika ni kuirudisha diski kwenye kompyuta ya Windows, kuendesha `chkdsk /f` (hukagua na kukarabati diski), kisha kuizima kompyuta kwa `shutdown /s /t 0`. Huna Windows? Imaunti kwa `-o ro` (kusoma tu), nakili faili zako, iondoe kwa `sudo umount /mnt/diski`, ndipo uendeshe `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1`. Hiyo hufuta alama tu, haikarabati kama chkdsk. Patisheni ya Windows iliyolazwa (hibernate) usiifanyie hivyo.

Ukitaka ijimaunti kila kompyuta inapowaka, usiandike sdb1 ndani ya `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kumaunti. Kesho inaweza kuitwa sdc1. Tumia UUID ya diski yako (`ntfs3` ni kiendeshi cha NTFS cha Linux):

```
UUID=5E2C8A172C89EAF1 /mnt/diski ntfs3 nofail,uid=1000,gid=1000 0 0
```

Bila `nofail`, siku diski haipo mashine husubiri sekunde 90 kisha hukutupa kwenye emergency mode (hali ya dharura). `uid` na `gid` hukufanya wewe mwenye faili, si root (msimamizi mkuu). Jaribu kwa `sudo findmnt --verify` na `sudo mount -a` kabla ya kuzima na kuwasha.

Na `umount` ikijibu `target is busy`, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyokaa ndani ya folda hiyo. Andika `cd`, ujaribu tena. Ikigoma, `sudo fuser -vm /mnt/diski` itakutajia programu inayoishikilia.