Jinsi ya kudai waranti ya ziada kupitia kadi ya mkopo nchini Marekani

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa Marekani huja na waranti ya mwaka mmoja. Ikizimika mwezi wa 14, mtengenezaji ameshanawa mikono, na watu wengi hununua nyingine bila kujua kwamba kadi waliyolipia ingeweza kubeba gharama. Faida hiyo, yaani waranti ya ziada inayoanza ile ya mtengenezaji inapokwisha, hailipiwi ada ya pembeni, lakini haiji yenyewe. Lazima uidai, na karatasi ulizonazo ndizo zitakazoamua kama utalipwa.

Kwanza hakikisha kadi yako inayo. Kampuni ya kadi ya Discover iliiondoa mwaka 2018, na benki ya Citi ikaiondoa kwenye kadi zake nyingi mwaka 2019. Kadi ya Chase Sapphire Preferred huongeza mwaka mmoja juu ya waranti ya mtengenezaji isiyozidi miaka 3, na hulipa hadi dola 10,000 kwa dai moja. Kadi za American Express zenye faida hii huongeza hadi mwaka mmoja kwa waranti isiyozidi miaka 5. Masharti hubadilika, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako, pakua kitabu cha faida za kadi na ukihifadhi pamoja na risiti. Kadi inayokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya benki kwa kawaida haina faida hii.

Siku ya kununua, lipa bei yote kwa kadi hiyo. Ukilipa sehemu kwa kadi ya zawadi ya duka, tarajia kurudishiwa kile tu kilichopita kwenye kadi ya mkopo. Kisha piga picha vitu vitatu kabla hujatupa boksi: risiti inayoonyesha jina la kifaa, tarehe na tarakimu 4 za mwisho za kadi, maandishi ya waranti ya mtengenezaji, na kibandiko chenye namba ya utambulisho wa kifaa. Usiiache risiti ya dukani ikae tu kwenye droo. Karatasi ile hufifia, na baada ya mwaka unaweza kukuta imebaki nyeupe.

Ukitaka kujua mapema kama dai litapita, jiulize: je, mtengenezaji angelitengeneza tatizo hili bure ndani ya mwaka wa kwanza? Kadi hurefusha waranti ileile, haitoi pana zaidi. Simu iliyoanguka au kuingia maji haimo. Hiyo ni faida nyingine, ya kulinda manunuzi, ambayo mara nyingi hudumu miezi michache tu. Betri iliyochoka kwa matumizi nayo kwa kawaida hukataliwa. Vifaa vilivyotumika havikubaliwi. Vilivyokarabatiwa hutegemea kama viliuzwa na waranti inayotambulika. Televisheni uliyomnunulia mama kama zawadi inaweza kukubaliwa, ila mwenye kadi ndiye anayefungua dai, na waranti inayotazamwa ni ile halali Marekani. Fikiria hilo kabla ya kuipakia kwenye kontena la Mombasa au Dar es Salaam.

Kifaa kikiharibika, kwanza angalia tarehe. Kama waranti ya mtengenezaji bado ipo, rudi kwake. Kama imekwisha, fungua dai mara moja kwa simu au kwenye tovuti ya msimamizi wa faida, yaani kampuni inayoshughulikia madai, ambayo mara nyingi si benki yenyewe. Siku za kudai huhesabiwa tangu kifaa kilipoharibika. Kila kadi ina muda wake, lakini ukijipangia kumaliza ndani ya siku 30 utakuwa salama zaidi. Usikitupe kifaa, wala usikitengeneze kabla ya kupewa namba ya dai. Msimamizi ana haki ya kutaka kukiona.

Madai mengi hukwama kwenye ripoti ya fundi. Peleka kifaa kwa fundi anayetambuliwa na mtengenezaji, au uliza msimamizi anakubali nani. Ripoti iwe kwenye karatasi yenye jina la duka, ikitaja tarehe, modeli, namba ya utambulisho, sehemu iliyokufa, chanzo cha hitilafu, na bei ya vipuri na ya kazi kila moja peke yake. Ripoti inayosema tu “haiwaki” au “haitengenezeki” itarudishwa, kwa sababu haimwambii msomaji kama ni ubao mkuu uliokufa wenyewe au ni maji. Mwombe fundi aandike wazi, kama ndivyo alivyokuta, kwamba hakuna dalili za maji wala kuanguka. Tunza pia risiti ya ada ya uchunguzi.

Ambatisha ripoti hiyo, risiti, taarifa ya kadi ya mwezi ule wa ununuzi, nakala ya waranti na fomu ya dai. Jina la bidhaa na kiasi vilingane kila mahali. Risiti yenye vitu vingi, wekea alama mstari unaohusika. Kama ulinunua pia mpango wa duka wa matengenezo, utaje. Msimamizi kwa kawaida huutazama huo kwanza, na kuuficha kunaweza kuharibu dai zima.

Wakikataa, omba kwa maandishi kifungu walichotumia. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja, na dai hufunguliwa tena ukiileta. Ukiona kifungu hakihusiani na hitilafu yako, kata rufaa ukiwa na ripoti ya fundi wa pili. Nyuma ya faida hizi kwa kawaida kuna kampuni ya bima, kwa hiyo idara ya bima ya jimbo lako hupokea malalamiko, bila malipo.