Somo: Kukusanya vidoli vya sikukuu vya kujipangia dukani, na kuvivisha Idi ya Tanga

Asalaam aleikum wanakikundi. Wengi mliiona ile picha ya vidoli saba, sita vimekaa mkekani na kimoja kimesimama nyuma yao, mkaniomba maelezo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuandika kwa kituo.

Somo hili ni la vidoli vidogo vya plastiki vya LEGO, vile ambavyo mteja hujipangia mwenyewe dukani. Unachagua kichwa, nywele au kofia, kiwiliwili, miguu na kitu cha kushika mkononi, unaviunganisha palepale, vitatu vinaingia kwenye pakiti moja. Mimi niko Ngamiani, hapa Tanga. Vyangu huletwa na dada yangu anayeishi London, na yeye huvitafuta katika duka la Leicester Square. Kwa hiyo humu kuna kazi ya yule anayechagua kule, na kazi yetu sisi tunaovipokea huku.

Hatua ya kwanza: andika watu wako

Usianze na duka. Chukua karatasi, andika sikukuu moja unayoikumbuka vizuri na watu waliokuwepo. Mimi niliandika Idi nyumbani kwa bibi: bibi na kanga yake, babu na kanzu na bakora, mjomba aliyekuwa akija kutoka Pangani na samaki, na sisi watoto wanne wenye nguo mpya tunaosubiri kwenda uwanja wa Tangamano. Jumla saba.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa. Trei za dukani zina mabaharia, wapishi, maharamia, kila kitu kinang'aa, na bila orodha utarudi na vidoli vizuri visivyojuana.

Hatua ya pili: kijue kidoli chenyewe

Kina urefu wa sentimita 4 hivi, na umbo lake ni lilelile tangu mwaka 1978. Mwanzoni vyote vilikuwa vya njano na uso mmoja wa tabasamu. Mwaka 2003 zilianza kutoka rangi za ngozi za watu halisi, kwenye vidoli vya wachezaji wa mpira wa kikapu. Lakini vichwa na viganja vya kwenye trei za kujipangia dukani kwa kawaida ni vya njano, na hapo wengi hukosea: kichwa cha kahawia ukikipata kwingine na kukiweka juu ya kiwiliwili chenye viganja vya njano, jicho linaona kosa hilo kabla ya kuona nguo. Viganja vinachomoka, unaweza kuvibadilisha. Mimi familia yangu nimeiacha ya njano yote. Nguo ndizo zinazosema ni watu wa wapi.

Hatua ya tatu: dukani, anza na kiwiliwili

Hapa ndipo penye uzito. Kiwiliwili ndicho chenye michoro: vifungo, maua, koti, mkufu. Vichwa na nywele utavipata leo na utavipata mwezi ujao. Kiwiliwili kizuri ukikiacha, ukirudi hakipo. Vipande vya sikukuu ndiyo kabisa, ni kama tunavyousema mji wetu, waja leo waondoka leo. Kuelekea mwisho wa Oktoba unaweza kukuta vichwa vya boga, kuelekea Krismasi kofia nyekundu za Baba Krismasi na nguo za baridi. Yule anayekutafutia aende mapema, siku ya kazi, asubuhi.

Mimi na dada tunapigiana simu ya video akiwa mbele ya trei. Namwomba asogeze kamera polepole, na kila kiwiliwili anachokiokota akigeuze mgongo, kwa maana baadhi vina mchoro mzuri zaidi nyuma kuliko mbele. Akishapata viwiliwili ndipo tunatafuta miguu. Angalieni jambo hili: badala ya miguu miwili, mara nyingine trei huwa na kipande kimoja kilichopanuka chini kama gauni. Ni kizuri mno kwa mama au bibi, lakini kidoli cha gauni hakikai. Miguu ya kawaida inakunjwa kwenye nyonga, gauni haikunjwi. Ndiyo maana bibi kwenye picha amesimama. Nilifikiri kumbadilisha nikaacha, maana siku ya Idi bibi hakuwa akikaa mpaka wote tumepakuliwa.

Kwa babu nilihitaji kanzu na nilitaka akae, kwa hiyo ni kiwiliwili cheupe kitupu na miguu myeupe. Msidharau vipande vitupu visivyo na mchoro. Kwa kazi yetu ndivyo vyenye thamani.

Kabla ya kufunga pakiti, ageuze mikono taratibu, aone kama mchoro haujakwaruzika, kisha ahesabu vitu vya mkononi.

Hatua ya nne: safari

Vitolewe vile vitu vya mkononi, vifungwe peke yake ndani ya kikaratasi. Bakora ya babu ilipotelea ndani ya begi, tukaipata baada ya miezi mitatu ndani ya soksi.

Hatua ya tano: kuvivisha

Hapa ndipo kidoli cha London kinapokuwa mtu wa Tanga. Nitawaeleza kanga, kwa sababu ndiyo mliyoiuliza sana.

Ukikata mji wa kanga, yaani pale katikati, ua moja ni kubwa kuliko kidoli kizima, kitaonekana kimefunikwa doa. Kata kwenye pindo. Kule ukingoni kabisa kuna vidoti na vimistari vidogo, na hivyo ndivyo vinavyolingana na mtu wa sentimita 4. Tumia kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka imelainika, maana kanga mpya ina wanga na itasimama kama ubao. Changanya gundi nyeupe ya shule na maji, nusu kwa nusu, paka upande wa nyuma kwa brashi, iache ikauke kivulini, ndipo ukate. Bila gundi nyuzi zitachomoka siku ileile.

Kipande kiwe na kimo cha sentimita 3 na upana wa 4. Ng'oa kichwa cha kidoli, utaona shingo kama kigingi. Ipake wino kidogo, igandamize kwenye pembe mbili za juu za kitambaa. Viduara viwili vitakavyobaki ndiyo vipimo vya matundu. Mimi nilimpelekea fundi viatu, akatoboa kwa kitobozi cha ngozi, matundu safi. Futa wino shingoni, pitisha tundu la kwanza, kisha la pili juu yake, rudisha kichwa. Kanga imekaa mabegani, imefunga mbele. Kidole kimoja cha maji, unaipanga mikunjo yake.

Kofia ya babu ni ukanda wa kitambaa cheupe uliozungushwa kwenye kalamu nene yenye unene wa kichwa cha kidoli, nikautoboatoboa kwa sindano mfano wa kofia ya mkono. Mkeka ni kipande cha ukili nilichokifumua kwenye mkeka uliochakaa.

Onyo moja, na nalisema kwa uchungu. Msitumie supaglu. Kiwiliwili cha mjomba nilikigusisha tone dogo mgongoni, mvuke wake ukatanda mpaka kifuani, asubuhi mchoro wote una ukungu mweupe usiofutika. Kilikuwa kiwiliwili cha sikukuu na hakijaonekana tena kwenye trei.

Hatua ya sita: kuvitunza

Jua la kwetu halina huruma na plastiki. Nyeupe hugeuka manjano, nyekundu hupauka. Weka mbali na dirisha, ndani ya kabati la kioo. Kuosha: vua nguo kwanza, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni laini, na uanike kivulini kwenye taulo.

Maswali

*Mama wa Makorora:* Kaka, mdogo wangu ana miaka miwili na anavililia. Nimpe kimoja?

Hapana dada yangu, hata kimoja. Vipande hivi si vya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kiganja kimoja tu kinatosha kumkaba. Mpe aangalie kabatini, au mnunulie matofali makubwa ya watoto wadogo.

*Kijana wa Mikanjuni:* Shikamoo. Sokoni kuna vidoli vinavyofanana kabisa na hivi. Nitajuaje kama ni vyenyewe?

Marahaba. Ng'oa nywele uangalie kinundu cha juu ya kichwa, kisha ng'oa kichwa uangalie shingo. Vyenyewe vina neno LEGO limechorwa kwa plastiki yenyewe, herufi ndogo sana, tumia tochi ya simu kwa upande. Vile vingine kama unavipenda nunua, ila usimuuzie mwenzako kwa jina lisilo lake.

*Mwanakikundi wa Pongwe:* Mimi nataka kwaya ya Krismasi ya parokia yetu, waimbaji kumi na wawili. Nianzie wapi?

Umechagua jambo zuri. Mwambie anayekutafutia achague vipande vya gauni na viwiliwili vitupu vya rangi moja, pakiti nne, na ahangaike na vichwa: atafute vyenye midomo wazi, vipo. Joho fanya kwa kipimo kilekile cha kanga. Vitabu vya nyimbo ni karatasi iliyokunjwa, kiganja kinaishika yenyewe.

*Dada wa Chumbageni:* Changu kimepata ufa chini ya kwapa. Gundi gani itafaa?

Usigundishe. Ufa huo mara nyingi unatokana na mkono kung'olewa na kurudishwa. Kivishe kanga au joho lifunike ufa, na mkono wake usiugeuzegeuze tena.

*Mama wa Makorora tena:* Mbona kwenye picha ya kwanza bibi ametulia, na kwenye ya pili anacheka? Una vichwa viwili?

Ni kimoja, dada. Vichwa vingi vina sura mbili, mbele na nyuma, na nywele ndizo zinazoficha ile ya pili. Mwambie anayenunua aangalie pande zote. Siku zote namweka bibi na ile sura ya utulivu. Asubuhi ya Idi, kabla ya kwenda kuswali, nafungua kabati namgeuza.